Chungu

Nimeupa mmea wangu jina la Chungu
kwa kuwa lugha yetu hainilazimishi kuchagua:
chungu ni chombo,
chungu ni mdudu atumbukiaye chomboni,
chungu ni ladha anayoikuta chini
baada ya asali.

Unaning'inia roshani, ghorofa ya nne, Umoja,
kati ya kamba ya nguo na mtungi wa gesi.
Ncha ya kila jani imejikunja, ikavimba,
ikajifanyia tumbo, na mdomo,
na kifuniko kisichofunika kitu.

Bi Achola wa vitalu vya kando ya barabara
aliniuzia kwa masharti kama ya mganga:
Usiutie mbolea. Udongo wetu mwekundu usiuguse,
utakufa kwa kushiba.
Makumbi ya nazi, changarawe, maji ya mvua.
Ya mfereji, hata tone, hapana.
Nikauliza, sasa utakula nini?
Akacheka. "Utajitafutia."

Kwetu maji ya mfereji huja Jumatano,
yakija. Madebe hupanga foleni ngazini,
nami napita katikati yake na kidumu
cha kuupelekea ua.
Nilijua wananitazamaje.

Muthengi wa ghorofa ya tatu ndiye hakusema kitu.
Ni fundi wa mabati. Jioni moja alikunja mlizamu,
akaufunga pembeni mwa paa,
chini yake akatega ndoo yake ya rangi
na kuandika ubavuni: YA CHUNGU. MSIFULIE.
Nikatoa pesa. Akazirudisha.
"Kwani mvua ni yangu?"

Usiku huwa nachuchumaa na tochi ya simu.
Chungu anafika ukingoni, analamba.
Hana haraka. Hakuna aliyemsukuma.
Analamba, anasogea, analamba,
mpaka pale ukuta unapoanza kuwa nta
na miguu sita, yote sita, haitoshi.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Haya hayajai kijiko,
nayo hula.

Asubuhi naenda kazini.
Kazi yangu ni kutunga ujumbe wa simu.
*Hongera! Umefuzu kupata Sh 3,000. Bonyeza 1.*
Zamani ulianza na *Mpendwa mteja*.
Hongera nimeiweka mimi.
Huvuta wengi zaidi, tulipima.
Hata ile alama ya mshangao ni yangu.
Ikifika siku ya kumi na tano
mteja huhamia meza ya Nyaboke,
ambaye hajawahi kumwambia mtu hongera.

Alhamisi orodha ilipita kwangu kukaguliwa.
Mstari wa arobaini na moja: Muthengi, Bonaventure.
Elfu tatu, sasa elfu nne mia tisa.
Wa kupigiwa asiposhika simu:
mkewe. Kaka yake, Mwingi. Mchungaji.
Na mmoja aliyehifadhiwa kama "Jirani wa Chungu",
nambari yangu.

Mfumo hauruhusu kufuta.
Nilisogeza mshale chini, mstari wa arobaini na mbili,
kama unavyompisha mtu ngazini
bila kumwangalia usoni.

Jumamosi manyunyu ya Julai yamekesha.
Ndoo imejaa, maandishi yameanza kutoka,
limebaki YA CHU na mkia wa rangi.
Nimechota kata moja, nimeinama juu ya mitungi,
simu inalia.
Mashine ndiyo hupiga; mpigaji haoni jina.
"Habari yako. Naitwa Nyaboke.
Unamfahamu mtu anayeitwa Bonaventure Muthengi?"

Maji yananichuruzika kiganjani, ya mvua, yake.
Nafungua mdomo.
Huko chini, ghorofa ya tatu,
mtu anagonga bati.